Sufuria juu ya antena: siku yangu moja Mwandiga

Saa 12 asubuhi. Kibirizi wanaanika dagaa, mimi nafunga betri nyuma ya bodaboda kwa mpira. Napanda Mwandiga kubadilisha betri na kadi ya data ya kipimatetemo chetu.

Saa 2. Kirekodi hakioni setelaiti. Nainua macho kwenye nguzo: antena imefunikwa sufuria.

"Shikamoo bibi. Nani kaifunika hii?"

"Marahaba mjukuu wangu. Ni mimi. Mvua ilikuwa inakapiga mno, masikini."

Ungesema nini? Nikacheka. Ila bila setelaiti saa ya kirekodi hupotea, na kazi yote hii ni saa.

Tetemeko likitokea Sumatra, wimbi la P, lile la mbio zaidi, hufika Kigoma baada ya dakika kama 11, la S, la polepole, karibu 20. Kule sakafu ya Bahari ya Hindi inazama chini ya kisiwa, bamba zima la mwamba wa baridi, na kwenye mwamba wa baridi wimbi hukimbia zaidi. Lakini likipita kilomita 100 ndani yake huokoa theluthi ya sekunde hivi, basi. Wimbi la kwetu magharibi hutoka kwenye bamba mapema. Linaloelekea kaskazini mashariki, lilikoinamia bamba, hukaa nalo. Ukilinganisha nyakati za vituo vingi, umbo la bamba linajitokeza. Hakuna wa kwenda kuchungulia: shimo la Kola kule Urusi liliishia kilomita 12, na matetemeko ya mabamba yanayozama hufika kina cha karibu kilomita 700.

Saa 4. Sufuria chini, setelaiti zimerudi. Siku 19, saa imeteleza sekunde 0.2. Ingetosha kuchora bamba lisilokuwepo! Bahati nzuri kirekodi huandika kilipopoteza setelaiti na kilipozipata. Kosa tutaligawa kwa siku hizo.

Saa 7. Ugali na mgebuka kwa bibi. Anauliza kama mashine itamwambia tetemeko linakuja, maana lile la Desemba 2005, la 6.8, lilimtoa ndani mbio. Namwambia haitabiri. Na hapa kwetu hakuna kinachozama. Ziwa limekaa kwenye ufa unaotanuka.

Saa 9. Dukani nanunua beseni la plastiki, maana plastiki haizuii setelaiti.

"Mbona jepesi? Si litapeperuka?"

Nikafungua mpira wa bodaboda, nikalifunga nao. Mjini nimerudi nimeipakata betri kuukuu.