Siku yangu moja: mlango mmoja, watu mia nne, kila mtu kwake

Saa 12:30 asubuhi, Montreal, nje theluji na giza bado. Kabla hata ya chai nacheki kama bildi ya usiku, yaani toleo jipya la gemu tunayotengeneza, imeshuka yote kwenye kompyuta maana gemu yetu inapita GB 100, ofisini ilikuwa dakika chache tu, hapa kwangu naiacha usiku kucha. Imeshuka, alhamdulillahi.

Saa 3 nishampeleka mwanangu shule, mitingi ya robo saa. Mimi ni animeta, yaani nawafanya wahusika wa gemu watembee na kushika vitu, studio ina watu zaidi ya mia nne ila kwenye mitingi tuko saba, na hapo ndo nawabishia wanaosema timu kubwa haiwezi kufanya kazi nyumbani, jamani hakuna anayefanya kazi na watu mia nne kwa mpigo, unafanya na hao saba wako.

Mpaka saa 6 kimya kabisa. Kazi ya leo ni mlango, mkono wa mhusika unapenya kitasa badala ya kukishika, nikakunja kidole kimoja kimoja, fremu kwa fremu, mpaka gumba likakaa. Ofisini nisingepata masaa yote hayo bila mtu kunigusa bega.

Saa 6 nikafungua bildi mpya, mkono unashika hewa! Kumbe kitasa chenyewe kimesogezwa na mtu wa timu ya mazingira, wale wanaojenga majumba na vitu vya ndani ya gemu. Namuandikia, yuko kwenye mitingi. Naandika tena, mitingi nyingine. Ofisini ningenyanyuka tu nikamwambie kaka hebu njoo uone hapa.

Nikisubiri nawaza Rockstar, wale watengenezaji wa gemu za GTA, 2024 waliwarudisha watu ofisini siku tano kwa wiki GTA VI ikielekea kumaliziwa, na kwa siku kama hii nawaelewa. Lakini Moon Studios, studio nyingine ya gemu, wametoa gemu zao za Ori zote mbili, 2015 na 2020, watu wametawanyika nchi tofauti. Timu yao ndogo kuliko yetu, sawa, ila walizoea hivyo tangu mwanzo, sisi tumehamisha ofisi ikaja nyumbani na mitingi yake yote.

Saa 9:20 kanipigia, tukashea skrini, dakika sita tu kitasa kikarudi mahali pake. Masaa matatu kwa dakika sita, inaniuma kwa kweli.

Saa 11 jioni nimepandisha kazi, nikamuandikia bosi: tutengewe lisaa limoja kila siku mitingi marufuku, mike wazi mtu aulize papo hapo, timu zote. Kajibu tuanze Jumatatu.