Dada Mkubwa Ndiye Aliyeshika Saa

"Hapa umeandika kuzamia. Hapa kuzamia. Hapa tena kuzamia, tena usiku. Mimi umeniandika wapi?"

Ilikuwa Januari 2019, jikoni kwa Dada Mkubwa, The Hague, Uholanzi, theluji ya barabarani imeshageuka tope. Nilikuwa nimempelekea ratiba ya siku sita za Bonaire, kisiwa cha Waholanzi kule Karibi, nikidhani nimefanya kazi ya maana. Kila siku mitungi miwili ya hewa asubuhi, yaani kuzamia mara mbili, mmoja alasiri, na siku mbili mtungi wa nne baada ya magharibi. Yeye nilimtia pembeni, mara mbili tu, na mbele ya jina lake nimeandika neno moja: ufukweni.

"Hapo," nikamwonyesha kwa kidole.

Akaitazama ile karatasi kama mtu anayetazama samaki wa juzi.

Safari yenyewe ilianza kama hisani. Mimi nilikuwa na siku za likizo ambazo nisingezitumia kabla ya Machi zingepotea, na yeye alikuwa na goti linalomsumbua kila baridi ikizidi. Nikamwambia, dada, twende mahali penye jua, tiketi yako juu yangu. Akakubali kabla sijataja maji. Nilipotaja maji akanyamaza kidogo, halafu akasema sawa, lakini yeye baharini haingii.

Watu wa bara hawatuelewi kwa jambo hili. Tumezaliwa Tanga, bahari ipo pale pale mlangoni, baba mvuvi, na bado kati ya watoto wake tunaojua kuogelea ni sisi wa kiume tu. Wasichana hawakufundishwa. Tena kuna usiku mmoja wa kusi ambao mimi siukumbuki, nilikuwa mgongoni. Dada alikuwa na miaka tisa. Chombo cha baba hakikurudi, na mama alisimama majini mpaka magotini kuanzia isha hadi alfajiri, kanga imelowa, hakuna aliyeweza kumtoa. Baba alirudi kesho yake mchana, amesukumwa na upepo huko nje, anacheka. Dada hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika taa.

Kwa hiyo nilijua namchukua nani. Wiki mbili nzima niligeuza ramani ya Karibi kwa ajili yake, ingawa ile karatasi haikuonyesha. Cozumel, kisiwa cha Meksiko, niliitoa mapema: kule kuzamia ni kwa boti, mkondo unakubeba, boti inakufuata, na mwenzako unamwacha hotelini tangu asubuhi hadi adhuhuri hajui uko wapi. Kisiwa kiitwacho Saba nacho ni kizuri sana chini ya maji, lakini juu yake ni mlima mtupu, ngazi kila upande, ufuko wa kukalia hakuna. Nilipomsimulia alisema, "Nimeacha Usambara kwetu, nije kupanda mlima wa Waholanzi na goti hili?"

Ikabaki Bonaire. Upande wake wa magharibi umekingwa dhidi ya upepo, bahari imetulia, na matumbawe yanaanza hatua chache kutoka ufukweni. Huhitaji boti. Unakodi pikapu, unapakia mitungi nyuma, unaendesha kando ya bahari ukitafuta mawe yaliyopakwa rangi ya njano na kuandikwa majina, moja baada ya jingine. Kila jiwe ni mahali pa kuzamia. Unaegesha, unavaa, unaingia kwa miguu yako kama mtu anayekwenda kuoga. Bahari yote inayokizunguka kisiwa ni hifadhi tangu 1979, mpaka kina cha mita 60. Hata glavu haziruhusiwi, usije ukashika matumbawe.

Nilimweleza yote hayo kwa bashasha. Yeye akauliza maswali matatu, na kila moja lilinikuta mahali ambapo sikuwa nimepiga plasta.

La kwanza: "Unazama na nani?" Mzamiaji hazami peke yake, hilo nilishamwambia miaka ya nyuma nilipokuwa ninajifunza, na yeye hasahau. Nikakiri kwamba nitawaandikia wenye duka la kuzamia wanitafutie mwenzi. Akasema, "Waandikie leo."

La pili: "Ukiumia?" Hapa nilijiona mjanja, nikamwambia Kralendijk, mji mkuu, kuna chumba cha shinikizo cha kutibu wazamiaji. Nilidhani nimemtuliza. "Kwa hiyo wanajua mtaumia, wameshawajengea na chumba."

La tatu ndilo lililonimaliza. Alikuwa anaifuata ratiba kwa ncha ya kalamu, akafika siku ya mwisho. Nilikuwa nimeandika mtungi mmoja, kutoka majini saa mbili asubuhi. Ndege yetu ilikuwa saa mbili usiku.

"Wewe si ndiye uliyeniambia mtu akitoka chini asipande ndege mpaka zipite saa ngapi?"

Nikamweleza tena, pole pole, kama vile ufafanuzi ungenisaidia. Ukizama, naitrojeni ya kwenye hewa unayovuta inaingia mwilini na kuyeyuka humo. Inahitaji muda kutoka. Ukipanda ndege mapema, shinikizo linapungua, ile naitrojeni inafanya viputo, kama soda iliyofunguliwa. Ushauri ni kungoja saa 12 kama umezama mara moja tu, na saa 18 kama umezama siku kadhaa mfululizo.

"Na wewe utakuwa umezama mara ngapi?"

"Siku kadhaa mfululizo."

"Saa mbili mpaka saa mbili ni kumi na mbili, mdogo wangu. Hilo hata sura ya saa inasema." Akaikata siku ya mwisho kwa mstari mmoja mrefu, kutoka asubuhi mpaka usiku, akaandika juu yake: *yangu*.

Halafu akavuta kiti, akageuza karatasi, akaanza upya. Kusema kweli ile ratiba ya pili ilikuwa bora kuliko yangu, na sikufurahi. Mtungi wa nne uliondoka wote. Alasiri mbili zilikuwa zake: moja kuona punda, moja ya kwenda Lac, upande wa mashariki, kwenye ghuba ya mikoko ambako kuna mahali maji hayapiti kiuno. Na kuhusu asubuhi zangu alitoa sharti moja. Hatakaa hotelini wala hatalala ufukweni juu ya taulo kama Mzungu. Atakuwa ndani ya pikapu, ataendesha yeye, funguo atakaa nazo yeye, na kila nikiingia nitamwambia saa ya kutoka. Ataiandika.

"Mimi ndiye nitakayeshika saa," alisema. "Nikikupoteza nijue nimekupoteza saa ngapi."

Tulifika Februari, baada ya kama saa kumi angani. Mwenzi niliyetafutiwa alikuwa mzee wa Kiholanzi, mstaafu, mtu wa maneno machache na vifaa vizuri kuliko vyangu. Yeye na Dada walielewana siku ya kwanza kwa sababu ya funguo. Nani asiyejua taabu ya funguo kwa anayezamia kutoka ufukweni? Ukiuacha kwenye gari umewapa wezi, ukienda nao majini umeuua. Watu kule huacha pikapu wazi, vioo vimeshushwa, na ndani hawaachi hata chupa ya maji. Sisi tulikuwa na Dada kwenye usukani, kanga begani, chupa ya chai ya tangawizi, miwani yetu ya kusomea, pochi zetu, na daftari. Mzee aliniambia kwamba amezamia Bonaire mara nyingi na hajawahi kutoka majini akakuta chai.

Chakula nacho kilimfungulia kisiwa. Mchana wa kwanza tulikula mchuzi wa mbuzi, kabritu stobá, ukaletwa na kitu cheupe chenye ukingo wa manjano, kimekatwa vipande. Funchi, wakasema. Dada akamega, akatafuna, akanitazama. "Ugali. Wameutia siagi, lakini ni ugali." Kuanzia hapo hakuniuliza tena tutakula nini.

Asubuhi ya tatu tulikwenda kwenye Hilma Hooker. Hii ni meli ya mizigo iliyozama tarehe 12 Septemba 1984, ikiwa imeshikiliwa na wakubwa wa kisiwa baada ya kukutwa na shehena ya bangi imefichwa nyuma ya ukuta wa uongo. Sasa imelala ubavu mchangani, karibu mita 30 chini, urefu wake mita 72. Dada aliipenda hadithi hiyo. "Meli ya bangi," akawa anaiita. Aliandika: *Meli ya bangi. Kuingia 3:10. Kutoka 4:00.*

Huko chini nilipumbaa. Sina neno jingine. Ile meli inakuja polepole kutoka kwenye ubluu, kwanza kama kivuli cha wingu, halafu unaona ni chuma, halafu unaona mlingoti umelala sambamba na mchanga. Chini ya ubavu kulikuwa na mzia mmoja ametulia kama panga lililotundikwa. Nikazunguka mpaka kwenye rafadha, nikarudi, nikazunguka tena. Mzee alikuwa na mtungi wa nitroksi, wenye oksijeni zaidi na naitrojeni pungufu, kwa hiyo saa yake ilimpa muda mrefu kuliko wangu. Mimi nilikuwa na hewa ya kawaida na nilimfuata yeye badala ya kufuata kompyuta ya mkononi mwangu, ile inayohesabu muda wa kukaa chini. Nilipoitazama nilikuwa nimeshapitisha muda wa kuweza kupanda moja kwa moja hadi juu. Iliniamuru nipande mpaka karibu na uso wa maji na nikae hapo, nikiningʼinia, dakika baada ya dakika, mpaka itakaponiruhusu.

Mzee alikaa nami. Alinitazama kupitia kioo chake kwa namna ambayo baba alikuwa akiwatazama mabaharia waliofunga fundo vibaya.

Hewa nilikuwa nayo ya kutosha. Hatari kubwa haikuwepo, ilikuwa aibu tu, na pono waliokuwa wakitafuna matumbawe chini yetu, unawasikia kabisa, kwaruu, kwaruu, kama mtu anakuna nazi. Nilichokuwa nikifikiri ni ile *4:00*.

Tulipoibuka nilitafuta pikapu kwanza. Mlango wa dereva ulikuwa wazi, kiti hakina mtu.

Alikuwa majini. Amesimama mpaka magotini, dera limelowa na kumng'ang'ania, kanga ameikunja mkono mmoja na saa ameishika mkono mwingine. Mawe ya pale yanateleza, mimi mwenyewe mwenye viatu huwa ninayumba, na yeye na lile goti lake alikuwa amepita juu yake peku. Hakuita, wala hakupunga mkono. Alitutazama tukisogea mpaka nikaweza kusimama, akahesabu vichwa viwili, akageuka kurudi.

Nilivua mapezi, nikamfuata. Nilikuwa nimeshaandaa maelezo marefu ya kisayansi.

"Dakika kumi na moja," alisema, akaandika. Kisha akammiminia mzee chai kwanza.

Jioni ile niliibadilisha ratiba mwenyewe. Siku zilizobaki nilikodi nitroksi, nikatoka majini kabla ya saa niliyomtajia, na ile asubuhi ya 1000 Steps, yaani Ngazi Elfu, ambako ngazi zenyewe hazifiki hata mia ila ukipanda na mtungi mgongoni unaelewa jina, nilimkuta amekaa ngazi ya juu kabisa. Akanionyesha saa kwa mbali. Dakika nne kabla. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwalimu.

Siku ya mwisho, ile aliyoiandika *yangu*, aliendesha kuelekea kusini, kwenye mashamba ya chumvi. Upande mmoja vilima vyeupe vya chumvi, upande mwingine bahari, na katikati mabwawa ya rangi ya waridi, na heroe, hawa tunaowaita flamingo, wamesimama mguu mmoja. Nilidhani amekuja kwa ajili yao. Hakupunguza hata mwendo. Alisimamisha gari mbele ya vibanda vya mawe vilivyojipanga ufukweni, vimejengwa mwaka 1850 kwa ajili ya watumwa waliochota chumvi. Familia zao zilikuwa Rincon, upande wa pili wa kisiwa, wakizifuata kwa miguu. Uhuru waliupata 1863.

Vile vibanda ni vidogo. Vikubwa kuliko banda la mbuzi, lakini si sana. Mlango unakufika kiunoni. Dada alizunguka kimoja, akakigusa ukuta, halafu akakusanya dera, akapiga goti lile bovu chini na kuingia.

Nilibaki nje. Upepo ulikuwa unavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, unasukuma vumbi la chumvi. Ndani sikusikia kitu. Nikamwita mara moja, "Dada?" hakujibu.

Alipotoka alikuwa na chokaa kwenye kilemba. Nilimshika mkono kumwinua.

"Humo huwezi kusimama," alisema. Akajipangusa magoti, akaenda kuwasha gari.

Mimi nilikuwa bado nimeishika saa yangu. Dakika sita. Sikumwambia.