Historia na Jiografia pale Mlimani, na matuta ya Matombo

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu hujaa ujumbe wa wadogo zangu waliosoma HGL, HGK na HGE, yaani Historia na Jiografia pamoja na Kiingereza, Kiswahili au Uchumi. Swali lao ni moja: dada, nikipangiwa ualimu wa Historia na Jiografia nikubali, au nisubiri kozi nyingine? Najua wanakolitoa. Nyumbani wameambiwa hayo ni masomo ya kukariri, kimbilio la aliyeshindwa hesabu. Leo naandika jibu moja la wote, na litakuwa refu.

Nilisoma Shahada ya Sanaa na Elimu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tunakokuita Mlimani, masomo yangu ya kufundishia yakiwa hayo mawili. Maisha ya chuo mtasimuliwa na wengine: kuwahi kimbweta (meza ya nje ya kujisomea) kabla jua halijachomoza, madesa ya kupiga kopi, boom (fedha za mkopo) linalochelewa, hofu ya sapu (mtihani wa marudio). Mimi nataka niseme kuhusu mlima mmoja.

Katika muhula mmoja tulikuwa na mihadhara ya Jiografia juu ya mmomonyoko wa udongo, na wakati huohuo semina za Historia juu ya harakati za wakulima miaka ya 1950. Kwenye Jiografia tulijifunza matuta ya ngazi: yanapunguza kasi ya maji, yanashika udongo, yanafaa miteremko mikali. Kwenye semina tukasoma kwamba Waluguru, wenyeji wa milima ya Uluguru mkoani Morogoro, waliyakataa matuta hayohayo mpaka damu ikamwagika. Wenzangu waliandika kila kitu kwenye daftari lake na kuendelea. Mimi sikuweza, kwa sababu mama yangu ni mtu wa Matombo, na mlima uliokuwa ukitajwa ni ule ambao nimekulia likizo zangu zote. Kama matuta yalikuwa dawa, kwa nini mgonjwa aliyatema?

Anza na mlima wenyewe. Uluguru inasimama nyuma ya mji wa Morogoro, na pepo zinazotoka Bahari ya Hindi zinaugonga upande wa mashariki. Ndiyo maana Matombo na Kinole kunanyesha karibu mwaka mzima, na kule juu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, wakati ukivuka kwenda Mgeta, upande wa magharibi, inapungua sana. Mto Ruvu unaanzia huko, na sehemu kubwa ya maji yanayonywewa Dar es Salaam hutoka humo. Serikali ya Mwingereza iliutazama mlima ule ikaona mashamba yamepanda hadi kwenye miteremko mikali, moto unachomwa kila msimu, mito inashuka na tope. Ikaja na mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru, ulioshika kasi kuanzia 1950. Matuta ya ngazi yakawa amri. Watu walipangiwa kiasi cha kuchimba, na aliyegoma alikabiliwa na faini au kifungo.

Julai 1955 watu wakakusanyika Matombo kupinga. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akafa. Haukupita muda mpango ule ukaachwa. TANU wakati huo ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu kuzaliwa, na ilipata masikio mengi huko milimani.

Ukiishia hapo, una historia nzuri ya mtihani: wakoloni walilazimisha, wananchi wakakataa. Lakini sababu za kukataa zimelala ndani ya udongo. Udongo wenye rutuba kwenye miteremko ile ni tabaka jembamba. Ukikata ngazi pana unalifukia lile tabaka na kuutoa juu udongo mwekundu wa chini usio na chakula cha mmea. Isitoshe, ngazi inayozuia maji yasitiririke inayafanya yazame, na mteremko ulioshiba maji hukatika na kuporomoka. Halafu ongeza jambo ambalo hakuna ramani ya udongo itakayokuonyesha: Waluguru walimiliki ardhi kwa koo, kupitia upande wa mama, na mtu anayejenga kitu cha kudumu kwenye shamba anaweka alama ya kulidai. Ukimwamuru mtu achimbe ngazi kwenye ardhi aliyopewa kulima tu, umemgombanisha na wenye ardhi.

Nilipokwenda likizo nilimuuliza bibi yangu, mama wa mama, ambaye mwaka ule alikuwa binti wa kutumwa maji.

"Shikamoo bibi. Matuta ya Mzungu unayakumbuka?"

"Marahaba mjukuu wangu. Nitayasahauje? Mama yangu alichimba na mtoto mgongoni. Mwaka ule mahindi yalitoka ya njano, mafupi. Tukala mihogo ya jirani."

Hakuwahi kusikia neno lolote la kitaalamu kuhusu tabaka za udongo. Alikuwa ananipa matokeo ya jaribio.

Niliporudi chuo nilikwenda East Africana, ile sehemu ya maktaba yenye maandishi ya zamani. Huko nikajua kwamba idara yetu wenyewe ya Jiografia ilishalifanyia kazi jambo hili kabla wazazi wangu hawajaoana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa Dar es Salaam walishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, kupima mmomonyoko nchini. Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilipiga Mgeta, na wawili kati yao, Paul Temple na Anders Rapp, wakaenda kuhesabu: maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000 kwenye eneo dogo. Karibu yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi. Msituni yalikuwa machache mno. Temple akaandika pia juu ya sera zile za matuta na kwa nini zilishindwa. Mwanajiografia, lakini anapekua mafaili ya wilaya kama mwanahistoria.

Hapo ndipo daftari zangu mbili zilipokuwa moja. Ofisa wa kikoloni hakuota aliposema mlima unaisha. Mkulima naye hakuwa mbishi wa bure aliposema ngazi zile zitamtia njaa. Ukisoma historia peke yake bwana shamba anakuwa shetani, na ukisoma jiografia peke yake mkulima anakuwa mkaidi anayehitaji "kuelimishwa", neno ambalo bado linajaza majibu ya mitihani yetu. Na wote wawili, wakati wakibishana upande wa Matombo, ng'ambo ya mlima pale Mgeta wakulima walikuwa na ngazi zao ndogo za jembe la mkono, wakifukia nyasi na majani ndani yake. Hiyo ilikuwa elimu, na ilikuwepo bila ya amri ya mtu.

Kuhusu ajira nitasema kwa kifupi kwa sababu hakuna la kuficha. Walimu wa sanaa ni wengi, nafasi za serikali zinatangazwa kwa kusubiriwa, na wale wa sayansi na hesabu wanatangulizwa. Mimi nafundisha shule binafsi kwa mkataba. Ukienda na ndoto ya kuajiriwa siku ya mahafali utaumia. Jifunze ramani za kompyuta ukiwa bado chuoni, usizikwepe kwa kuwa "wewe ni mwalimu tu".

Ila usikubali mtu akuambie ni kukariri. Mwaka 1968 wanafunzi wa shahada ya kwanza pale Mlimani walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907, chini ya wanahistoria kama Gilbert Gwassa na John Iliffe. Wale wazee wengi walikuwa wameiona vita kwa macho yao. Mengi tunayofundisha leo kuhusu Maji Maji yalitoka kwenye daftari za vijana wa umri wako. Wazee wa 1955 ndio wanaoondoka sasa, na sijaona mtu akitumwa kwao.

Kwa hiyo ukikubali kozi, fanya hivi tangu mwaka wa kwanza. Chagua mahali pamoja, kwenu kama inawezekana, upabebe katika kila kozi. Tafuta ramani yake ya 1:50,000, usome kontua (mistari ya mwinuko) mpaka ujue wapi mvua inashuka na wapi watu wamejenga. Kila insha ya Historia uulize ilifanyika kwenye udongo gani, na kila mada ya Jiografia uulize nani aliamua na kwa nguvu gani. Na bibi yako au babu yako akiwa hai, mpigie wiki hii, kabla hata barua ya chuo haijafika. Muulize walilima nini, wapi, na nani aliwakataza.