Neno “Get” Husomwa kwa Neno Linalolifuata

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza vinavyotumika zaidi, sioni kingine kinachowatatiza wazungumzaji wa Kiswahili kwa muda mrefu kama “get”. Matamshi yake ni mepesi, tahajia yake ni ya herufi tatu tu, na kila anayeanza kujifunza lugha hiyo huambiwa mapema kwamba maana yake ni “kupata”. Baadaye hukutana na “get tired”, “get up”, “get married” na “get him to sign”, na ile “kupata” aliyokabidhiwa humtupa mkono. Akigeukia kamusi, hupewa orodha ndefu yenye nambari: kupata, kupokea, kununua, kuleta, kufika, kuelewa, kuwa, kushikwa na ugonjwa, kumshawishi mtu. Orodha hizo ni sahihi, nami huzifungua mara nyingi ninapofasiri, lakini zinaficha jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lingepaswa kufundishwa kwanza. “Get” ina wazo moja, la kuingia katika hali ambayo mtu au kitu hakikuwamo hapo kabla, na aina ya hali hiyo haisemwi na kitenzi chenyewe bali na neno linalokifuata.

Likifuata jina la kitu, hali inayoingiwa ni ile ya kuwa nacho, na hapo “kupata” inatosha. “Get a letter” ni kupata barua, “get a job” ni kupata kazi, na hata katika maradhi lugha hizi mbili zinakwenda pamoja, kwa kuwa Mwingereza husema “get a cold” nasi husema kupata mafua. Yakifuata majina mawili, la kwanza likiwa la mtu, maana huelekea kwenye kuleta au kutafutia: “get me a chair” ni niletee kiti. Kinachopatikana kinaweza pia kuwa maana ya maneno ya mtu, kama katika “I get your point”, na hapo msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa, kwani katika mazungumzo yetu huulizwa “Umenipata?” na hujibiwa “Nimekupata”. Kufanana huku hufika mbali kuliko wengi wanavyodhani. “I got to see her” ni “nilipata kumwona”, kwa muundo uleule wa kitenzi kimoja kukifungulia kingine mlango, na ni muundo ambao tunao pia katika “sijapata kuona”.

Mambo hubadilika pale “get” inapofuatwa na kivumishi, na hapa ndipo ningependa kukaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo ninapoona sentensi nyingi za Kiingereza zilizoandikwa na watu wetu zikipungukiwa. Mwingereza anayetaka kusema kwamba mtu ameingia katika hali fulani mara nyingi huchukua kivumishi cha hali hiyo na kukitanguliza “get”: “get old”, “get thin”, “get fat”, “get wet”, “get drunk”, “get lost”, “get well”. Sisi hatuhitaji maneno mawili. Tuna zeeka, konda, nenepa, lowa, lewa, potea na pona, na badiliko lenyewe limo ndani ya kitenzi, halionekani kama neno la pembeni. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili anapojenga sentensi ya Kiingereza hakuna kitu kichwani mwake kinachomkumbusha kwamba pana “get” inayodaiwa; huchukua kivumishi, hukitanguliza “is” au “was”, na sentensi husimama bila kosa la sarufi lakini ikiwa imesema jambo jingine.

Tofauti ya “be” na “get” katika sentensi hizo ni tofauti ya hali na tukio, na Kiswahili kinaijua vizuri sana, ila kinaiweka mahali pengine, katika viambishi vya wakati. “Amechoka” ni “he is tired”: uchovu umeshaingia na sasa upo. “Alichoka haraka” ni “he got tired quickly”, “anachoka” ni “he is getting tired”, na “atachoka” ni “he will get tired”. Kwa kawaida, basi, vitenzi vyetu vya aina hii vikibeba “-me-” hueleza hali iliyokwisha kufikiwa na huomba “be”, na vikibeba viambishi vingine hueleza kule kufikia na huomba “get”. Wapo watakaoleta mifano inayokataa, na ni kweli kwamba muktadha unaweza kugeuza mambo, lakini sijakutana na kanuni nyingine fupi inayomwongoza mwanafunzi kwa uaminifu kama hii, nami nasikitika kwamba haimo katika vitabu vingi vya kufundishia nilivyovisoma. Vitabu hivyo humpa mwanafunzi “get tired” kama msemo wa kukariri, ilhali sarufi ya lugha yake mwenyewe ingemweleza lini autumie na lini auache.

Ndoa ni mfano mzuri, kwa kuwa kosa lake hubadilisha habari. “Ameolewa” ni “she is married”, na “aliolewa mwaka 2010” ni “she got married in 2010”. Mtu akiandika “she was married in 2010”, msomaji anaweza kuelewa siku ya harusi, lakini anaweza pia kuelewa kwamba mwaka huo alikuwa mke wa mtu, na pengine sasa siye. Huko huko iko kasoro nyingine ndogo ya kuepukwa: sisi huoana “na” mtu, ila Kiingereza husema “get married to”, si “with”.

Si kila badiliko linakubali “get”, hata hivyo. Mtu anayekuwa mwalimu huandikiwa “become a teacher”, kwa sababu “get a teacher” hurudi kwenye kanuni ya jina la kitu na kumaanisha kumpata mwalimu. Rangi hupendelea “turn” au “go”, na hali kama upofu na wendawazimu huchukua “go”: “go blind”, “go mad”. Haya hayana budi kujifunzwa moja moja.

Baada ya kivumishi linakuja umbo la kitenzi lenye maana ya kutendwa, kama “paid”, “hurt” na “arrested”, na hapa tena Kiswahili kina msaada ambao hautumiwi. Sentensi “the window was broken” ina mashaka: labda dirisha lilivunjwa wakati huo, labda lilikuwa limeshavunjika tangu zamani. “The window got broken” huondoa mashaka hayo, kwa kuwa haiwezi kueleza hali iliyotulia. Ni lazima kuna jambo lilitokea. Pia “get” hupenda matukio yanayomgusa mhusika kwa heri au kwa shari, kama “get promoted” na “get robbed”, na ndiyo sababu haikai vizuri na vitenzi vya kujua au kupenda, ambavyo havina tukio la kuonyesha. Hakuna anayesema kwamba jibu “got known by everyone”.

Kisha kuna “get” ya kumfanya mtu mwingine atende. “I got him to sign” inasema kwamba alitia saini, na inasema zaidi kwamba haikuwa rahisi: nilimbembeleza, nilimweleza, au nilitafuta njia. “I made him sign” ina nguvu na shuruti, na “I had him sign” ni ya mtu mwenye mamlaka aliyetoa agizo tu. Ufundi ulio katika maneno haya matatu hupotea wote likifasiriwa kila moja “nilimfanya atie saini”, na mfasiri makini angeandika “nilifanikiwa kumshawishi atie saini” kwa lile la kwanza. Tena ni “get” peke yake kati ya hayo inayodai “to” kabla ya kitenzi kinachofuata. Kazi ikifanywa na fundi ambaye hatajwi, husemwa “I got the car repaired”, na sisi tunayo kauli ya kutendesha inayofanya kazi hiyo kwa neno moja, kama katika “nimeshonesha nguo”.

Vihusishi na vielezi vya mahali sitavimaliza hapa. Inatosha kutambua kwamba kielezi ndicho kinachotoa mwelekeo na “get” hutoa mwendo wa kuufikia: “get up” ni kuamka au kuinuka, “get off” ni kushuka, “get in” ni kuingia. Zile zenye maana ya mbali zaidi, kama “get over an illness”, huonekana si za mbali ukizifikiria hivyo, kwa kuwa mgonjwa amevuka upande wa pili wa maradhi yake.

Wazo hili la kuushika mwisho wa jambo lina umri mkubwa. Neno lilifika Kiingereza kutoka lugha ya Waskandinavia wa kale, ambamo “geta” ilimaanisha kupata, kufikia, kuzaa, na pia kukisia sawasawa. Wasemaji wake ndio walioshambulia monasteri ya Lindisfarne, kisiwa cha kaskazini mashariki mwa Uingereza, mwaka 793, na katika karne ya 9 wengi wakahamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza, wakaacha maneno ya kila siku kama “take”, “they” na “skin”. Kiingereza cha kale kilikuwa na ndugu wa neno hilo, lakini aliishi ndani ya maneno marefu tu, kama “begietan”, kupata, na “ongietan”, kuelewa. Na “g” yake ilitamkwa karibu na “y”. Sauti ngumu tunayoisikia leo katika “get”, na hata katika “forget”, ni athari ya hao wageni. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba wanaisimu huunganisha mzizi wake na ule wa “prehendere” ya Kilatini, kushika, uliozaa “comprehend”. Anayesema “I get it” na anayesema “I comprehend” wanachota, kwa umbali mkubwa, katika kisima kimoja.

Umbo la “got” linahitaji tahadhari yake. “I have got a car” ina sura ya wakati timilifu, lakini maana yake ni “nina gari”, si “nimepata gari”, na mfasiri akiifuata sura yake atampa msomaji habari ya ununuzi ambao haukutajwa. Vivyo hivyo “I have got to go” ni “sina budi kwenda”. Wamarekani hutenganisha mambo haya kwa “gotten”: “I’ve got” ni kuwa na kitu, “I’ve gotten” ni kukipata au kuwa katika hali mpya. Waingereza wengi huliona umbo hilo kuwa la kigeni, ilhali ni mali yao ya zamani. Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 inalo katika Mwanzo 4:1, kwenye maneno ya Hawa baada ya kumzaa Kaini, na hadi leo wenyewe husema “forgotten” na “ill-gotten”.

Linabaki swali la mahali rasmi. Walimu wengi huikataza “get” katika insha, na katazo lao lina msingi, kwa kuwa baada ya Wanormani, wasemaji wa Kifaransa kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066 Kiingereza kilijaa maneno ya Kifaransa na Kilatini kama “receive”, “obtain” na “acquire”, ambayo yana heshima ya kiofisi na yanabainisha zaidi. Barua ya kikazi itasema “we received your application”, na ni sawa. Lakini katazo likitumiwa bila kipimo humnyima mwanafunzi muundo ule ule ambao tayari unamponyoka. “Get married” na “get rid of” hazina mbadala usio mzito, na barua hiyo hiyo ya kikazi ikihitaji kueleza kwamba hali ilizidi kuwa mbaya, “the situation got worse” haina kosa lolote. Kuandika “deteriorated” mahali pake ni uchaguzi wa mtindo tu.