Siku moja maishani mwangu: nafundisha fasihi ya Kiingereza, Morogoro

Saa 1:00 asubuhi. Mstarini, kisha ofisini. Wiki hii zamu si yangu, kwa hiyo napata nafasi ya kupitia andalio la somo.

Saa 2:00. Kidato cha Kwanza. Hawa wamesoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili; Januari wakakuta karibu kila somo liko kwa Kiingereza. Siwaanzishii riwaya. Mmoja anasimulia kwa Kiswahili hadithi ya sungura aliyoisikia kwa bibi yake, wenzake wanacheka, halafu tunaijenga ubaoni kwa Kiingereza, sentensi moja moja. Mtoto asiye na la kusema utamfundishaje kuandika?

Saa 3:20. Kidato cha Tatu, vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Hiki ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote. Tunasoma The Black Hermit, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyochezwa mara ya kwanza Kampala mwaka 1962, Uganda ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru. Nakala hazitoshi, wanabanana watatu kwa kitabu kimoja. Remi, msomi wa kwanza wa kabila lake, ameshinikizwa hadi akamwoa Thoni, mjane wa nduguye, kisha akakimbilia mjini. Darasa karibu lote linamtetea: mila zimemwonea.

Binti mmoja wa dawati la nyuma anasimama. "Madam, naomba niseme kwa Kiswahili." Sheria ya shule ni Kiingereza tu, lakini namruhusu.

"Kila mtu anauliza Remi anataka nini. Thoni nani kamuuliza?"

Wavulana wanabisha, wasichana wanawajia juu. Nawaambia wote wafungue vitabu, watafute Thoni anasema nini kwa kinywa chake, na wafike hadi kwenye barua anayoiacha, ambayo Remi anaisoma akiwa ameshachelewa. Yule binti namwagiza aandike aya moja kuhusu alichokisema, kwa Kiingereza. Anahangaika, anafuta, anaandika tena. Nyakati za vitenzi zimevurugika, lakini hoja imesimama, na ni ya kwake.

Saa 4:40. Chai na mihogo.

Saa 5:10. Kidato cha Nne. Mtihani wa taifa ni Novemba, na wengi wameshakariri hoja za kwenye madesa, yale maandishi ya majibu yaliyoandaliwa tayari: hoja tatu za kitabu hiki, tatu za kile, swali liwe lolote. Hili linaniuma kweli, kwa sababu ni watoto wenye akili zao. Leo nimewanyima madesa. Kwa kila hoja nataka nijue nani kafanya nini, wapi kitabuni, na hilo linajibuje swali lililoulizwa. Wananung'unika, kisha wanaanza kufunua kurasa.

Saa 9:00 alasiri. Kusahihisha insha. Sizungushii kila kosa kalamu nyekundu. Mtoto akiona ukurasa mzima umelowa wino anafunga daftari. Nachagua kosa la aina moja kwa kila mmoja, na pembeni namwandikia swali moja kuhusu alichokisema. Daftari zinazobaki naenda nazo nyumbani.

Saa 11:00 jioni. Yule binti ananifuata mlangoni na aya yake, sasa imekuwa ukurasa mzima. Nimemwomba ruhusa kesho niisome mbele ya Kidato cha Nne. Amekubali, ila nisitaje jina lake.