Kumbukumbu ya tangi la samaki wa baharini la lita 250: kumjua samaki kabla ya kumlipia

Wiki ya 6

Maji yametulia. Amonia sifuri, naitraiti sifuri (hizo mbili ni sumu kwa samaki), chumvi 1.025 kwa kipimo cha uzito wa maji, joto nyuzi 25 na nusu. Mwezi mzima nimekuwa na mawe na konokono tu, na konokono ukishamtazama siku tatu umemmaliza. Leo nimeleta samaki wa kwanza, klauni wawili.

Lebo yao iliandikwa "perkula" na bei ilikuwa mara mbili ya klauni wa tangi la pembeni walioandikwa ocellaris. Ukiwatazama harakaharaka ni walewale, rangi ya chungwa na mistari mitatu myeupe. Perkula wa kweli, Amphiprion percula, mara nyingi mistari yake ina pindo jeusi nene na duara la jicho lake hung'aa chungwa. Ocellaris pindo lake ni jembamba kama la penseli, na jicho lina ukijivu. Shida ni kwamba weusi huongezeka na kupungua kulingana na umri na mahali alikotoka samaki, kwa hiyo rangi peke yake si ushahidi. Kinachosaidia ni miiba ya sehemu ya mbele ya pezi la mgongoni: perkula kwa kawaida ana 10, ocellaris 11.

Nikamwomba muuzaji awaweke kwenye chombo cha plastiki kinachoonyesha ndani, nikaweka karatasi nyeupe nyuma yake, nikapiga picha kama ishirini mpaka mmoja akasimamisha pezi. Nikaikuza picha, nikahesabu kwa ncha ya kalamu. 11. Nikarudia, 11. Mwenzake naye 11.

"Bosi, hawa ni ocellaris."

Akacheka. "Na hao nao wanaitwa perkula, kaka. Perkula wa uongo."

Kweli, jina hilo lipo sokoni. Nikamwambia basi na mimi nilipe bei ya uongo. Tukaelewana.

Tangu siku hiyo daftarini siandiki bei kwa fedha. Kipimo changu ni klauni 1, yaani ocellaris mdogo aliyezaliwa tangini. Huyo huzalishwa kwa wingi na karibu kila muuzaji anaye, kwa hiyo ukishajua anamuuzaje, unajua pa kuanzia na wengine wote.

Wiki ya 11

Kosa la kwanza la maana, na nimelifanya kwa kiherehere changu mwenyewe.

Nimenunua kitatange kibete wa njano, Centropyge heraldi kwa mujibu wa lebo, kwa klauni 4 na nusu. Njano tupu, mdogo kuliko kidole gumba. Safari hii sikuomba chombo cha plastiki wala sikupiga picha. Nilikuwa nimeshampenda.

Yuko karantini, kwenye tangi tupu la lita 40 lenye hita, sponji na kipande cha bomba la kujifichia. Siku ya tatu nikaona kitu kinanisumbua. Hapigi mkia anapotembea, anapiga makasia kwa mapezi ya kifuani, juu chini, juu chini, kama kangaja, yule samaki mwenye kisu kwenye shina la mkia. Usiku alipotulia nikamsogelea na tochi. Vitatange wote wana mwiba shavuni, chini ya jicho kwa nyuma, umeelekea upande wa mkia. Huyu shavu lake laini. Nikashusha mwanga hadi shina la mkia, na pale ulikuwepo mchanjo mdogo mwembamba kama alama ya wembe. Ndani yake mna kile kisu ambacho kangaja wote wa jamii ya Acanthurus wanacho.

Basi nimenunua Acanthurus pyroferus mtoto. Wakiwa wadogo huiga vitatange vibete wa eneo lao, rangi na umbo, hata mkia ukawa wa duara kama wao. Akikua mkia unachongoka kama mwezi mchanga, njano inageuka hudhurungi nzito, na mwili unafika sentimita 25 na zaidi. Heraldi angekomea kama 10. Tangi langu lina urefu wa mita 1.

Nilimrudisha na picha mkononi. Muuzaji alikataa kwanza, kisha akavaa miwani, akanyamaza. "Mimi mwenyewe nimeletewa kwa jina hilo." Namwamini. Yeye hupokea mifuko na orodha usiku wa manane, na samaki akiwa na mfadhaiko wa safari hata rangi yake si yake. Amenirudishia thamani yote isipokuwa klauni 1, na nimekubali, maana mwiba wa shavuni ungeonekana bila tochi kama ningetazama.

Wiki ya 13

Sina samaki mpya. Nimekuwa nikijaribu kuelewa bei zinatoka wapi.

Jambo la kwanza nililolielewa ni kwamba mnunuzi analipia zaidi maji kuliko samaki. Kila mmoja husafiri na mfuko wake wa maji, na mizigo ya ndege hutozwa kwa uzito na nafasi. Ndiyo maana samaki mdogo asiye na sifa yoyote hawezi kuwa bure, na ndiyo maana mkubwa, anayehitaji mfuko mkubwa, bei yake haipandi polepole bali inaruka.

La pili ni kina. Centropyge boylei wa mistari myekundu na myeupe, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1992, huishi chini sana kiasi kwamba mpiga mbizi lazima apande kwa hatua, na samaki naye lazima apandishwe taratibu kibofu chake cha hewa kisije kikamuua. Bei yake kwa kipimo changu sijaiandika, klauni hawatoshi ukurasani.

La tatu ni sheria. Kangaja wa njano, Zebrasoma flavescens, kwa miaka mingi alikuwa samaki wa kila mtu. Wengi walitoka Hawaii. Januari 2021 uvuvi wa samaki wa akwaria ukasimamishwa magharibi ya kisiwa kikubwa cha huko baada ya uamuzi wa mahakama, na bei ikapaa. Samaki hakubadilika hata gamba moja. Kwa hiyo anayekuambia "huyu ni ghali kwa sababu ni bora" muulize anatoka wapi.

Wiki ya 16

Nimemkataa mandarini, Synchiropus splendidus, kwa klauni 2 tu. Bei nzuri, rangi zake zinatia wazimu. Lakini anadonoa kopepodi hai, vidudu vidogo sana vya majini, siku nzima, na tangi langu bado changa halina hata wa kumlisha wiki mbili. Niliomba nione akila chakula cha barafu. Kamba wadogo walimpita puani, hakugeuka. Tumbo lilikuwa limeingia ndani. Hapo klauni 2 ni ghali.

Sasa hili ndilo ombi langu la kwanza kabla ya kuuliza bei: mlishe nikiona. Aliyekaa dukani wiki mbili na bado anashambulia chakula namwongezea hata nusu ya bei bila kinyongo, kwa kuwa hasara ya safari ameshaibeba muuzaji. Aliyefika jana namwacha, hata kwa punguzo.

Wiki ya 19

Nimenunua samaki wawili waitwao Banggai, Pterapogon kauderni, klauni 2 kila mmoja, wamezaliwa tangini. Pembeni yao walikuwepo wa kuvuliwa kwa klauni 1. Porini makao yao ya asili ni eneo dogo la visiwa vya Banggai, Indonesia, na tangu 2007 wamo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya walio hatarini kutoweka. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni ya daftari: wa kuvuliwa hufa sana katika wiki za mwanzo, kuna virusi vinavyowaandama. Wakifa nusu, klauni 1 imeshakuwa 2, na umezika samaki.

Wiki ya 31

Dume wa Banggai alifunga mdomo wiki ya 25 na hakula tena. Taya likawa la pembe nne, na ukimmulika unaona mayai ya chungwa yakigeuzwa ndani. Hubeba mayai, kisha hubeba vifaranga, karibu mwezi mzima. Wametoka 23. Wamebaki 14, wote wanakula atemia, kamba wadogo sana ninaowaangua kila asubuhi.

Leo muuzaji kapita kuwaona. Akachuchumaa mbele ya kioo, akawahesabu.

"Utaniachia kwa ngapi, kaka?"

Nikafikiria mayai ya atemia, chumvi, asubuhi zote zile, na wale 9 waliokufa. Nikafikiria pia kwamba yeye atawauza klauni 2 kila mmoja, na kabla ya hapo atawalisha na kuwapoteza wengine. Nimemwambia nitamjibu Jumamosi. Daftarini nimeandika 1.2, nikafuta, nikaandika 1.3.