Malaika Walioumbwa Wema

Jumuiya yetu ndogo ya Kikristo huku Mikindani hukutana Jumamosi jioni nyumbani kwa mmoja wetu, na mwezi uliopita zamu ya kufundisha ilikuwa yangu. Mada niliichagua mwenyewe: anguko la malaika. Nilifungua Isaya sura ya 14 nikasoma ule mstari wa 12 ambao wengi wetu tumeuhifadhi, “Jinsi ulivyoanguka kutoka mbinguni, Ewe nyota ya alfajiri, mwana wa asubuhi!”, kisha nikaeleza kwa kirefu habari za malaika mkuu aitwaye Lusifa, uzuri wake na kiburi chake. Kijana mmoja aliyeketi karibu na mlango akaomba ruhusa turudi nyuma hadi mstari wa 4. Akasoma kwamba maneno hayo ni mithali juu ya mfalme wa Babeli, akashuka hadi mstari wa 16 ambapo anayesemwa anaitwa mtu, akaniuliza kwa adabu kabisa, “Mwalimu, malaika yuko wapi hapa?” Sikuwa na jibu. Niliahidi kulitafuta.

Kijana yule alikuwa na haki. Nabii alikuwa akimkejeli mfalme aliyejikweza hata akajilinganisha na nyota ya asubuhi, ile Zuhura tunayoiona juu ya bahari kabla jua halijachomoza. Jeromu, alipokuwa akitafsiri Maandiko kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 4, aliiita nyota hiyo kwa jina lake la kawaida katika lugha ile, lusifa, yaani mleta nuru. Halikuwa jina la pepo. Tafsiri hiyohiyo inalitumia katika 2 Petro 1:19 kwa nyota ya asubuhi inayozuka mioyoni mwa waamini, na katika mkesha wa Pasaka utenzi wa Kilatini unaoimbwa mbele ya mshumaa humtaja Kristo mwenyewe kwa neno hilo. Tertuliano na Origeni wa Aleksandria, waandishi wa Kikristo wa karne ya 3, ndio miongoni mwa wa kwanza kuona ndani ya kiburi cha mfalme yule kivuli cha anguko kubwa zaidi, na wengine wakafanya vivyo hivyo kwa mfalme wa Tiro katika Ezekieli 28. Mimi sikatai kusoma hivyo. Ninachokataa sasa ni kumwambia mtu kwamba nabii alikuwa akisimulia kisa cha mbinguni, ilhali mistari iliyotangulia inasema waziwazi alikuwa akimsema nani.

Mafundisho yenyewe yana nguzo nyingine. Bwana anasema katika Luka 10:18 kwamba alimwona Shetani akianguka kama umeme. Katika Yohana 8:44 anasema Ibilisi hakusimama katika kweli. Waraka wa Yuda unawataja malaika ambao hawakuilinda enzi yao wenyewe, na 2 Petro 2:4 inasema Mungu hakuwaachilia malaika waliokosa. Yuda anamnukuu pia Henoko, maneno yanayopatikana katika kitabu ambacho Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia linakihesabu kuwa sehemu ya Biblia, na humo dhambi ya malaika ni kuwatamani binti za wanadamu. Simulizi, basi, zilikuwa zaidi ya moja. Maandiko hayatupi tarehe ya anguko wala masimulizi yake kamili, na nadhani tunakosea tunapojaza nafasi hiyo kwa tulichokisikia mimbarini.

Kilichonishika zaidi ni swali la pili, ambalo halikuulizwa mbele ya watu. Mama mmoja wa jumuiya, ambaye mwanawe ameingia katika unga na sasa halali nyumbani, alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Alisema, “Kama Mungu aliumba kila kitu chema, na Shetani ndiye aliyemharibu mwanangu, huyo Shetani aliharibiwa na nani?”

Hilo ndilo swali lililomsumbua Agostino, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, mzaliwa wa Thagaste, katika nchi tunayoiita leo Algeria, mwaka 354. Kwa karibu miaka 9 aliwafuata Wamani, waliofundisha kwamba nuru na giza ni falme mbili za tangu milele. Jibu lao ni jepesi, nami ninakiri kwamba mahubiri mengi ninayoyasikia hapa mjini yanalikaribia pasipo kujua, kwa jinsi yanavyomfanya Shetani karibu mungu wa pili mwenye hazina yake na utawala wake. Mtaguso wa Nne wa Laterani, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, ulikabili mafundisho ya namna hiyo ukatamka kwamba Ibilisi na pepo wengine waliumbwa na Mungu wakiwa wema kwa maumbile, wakawa waovu kwa kutaka kwao wenyewe. Hakuna aliyemharibu. Tena uovu, kwa Agostino, hauna dutu yake. Ni upungufu wa wema mahali ambapo wema ulipaswa kuwepo.

Sikuuelewa upungufu huo mpaka nilipomkumbuka jirani yangu mmoja mzee, fundi wa majahazi aliyefanya kazi miaka mingi Bandari ya Kale. Yeye ni Mwislamu, nasi tumewahi kuzungumza juu ya Iblisi tukinywa kahawa. Kwake Iblisi ni katika majini, kama isemavyo Sura ya Al-Kahf, kwa kuwa malaika hawaasi. Kwangu alikuwa malaika. Tuliachana kwa heshima, kila mmoja na imani yake. Lakini ni yeye aliyewahi kunieleza kazi ya kukalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao za chombo: kwamba pamba ikitoka kati ya mbao mbili, ule mwanya hauna uzito wala haushikiki, na bado ndio unaoingiza maji na kuzamisha chombo chote. Mwanya haukuchongwa kwa mti wa aina nyingine.

Mfano huo unaishia hapo, maana pamba haina hiari, na malaika walikuwa nayo. Kwa nini kiumbe mwenye nuru yote ile aligeuka? Agostino anasema kwamba kutafuta sababu ya nia mbaya ya kwanza ni sawa na kutaka kuliona giza au kuusikia ukimya. Katekisimu ya mwaka 1992, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, nayo, baada ya kusema kwamba uwezo wa Shetani una mpaka kwa kuwa yeye ni kiumbe tu, inakiri kwamba ruhusa ya Mungu kwa matendo ya Shetani ni fumbo kubwa. Mimi pia nilimwambia yule mama hivyo, maana sikutaka kumpa uhakika ambao Kanisa lenyewe halijautoa.

Alinisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama maneno ya mtaguso, yale ya kuumbwa wema, yanamhusu mwanawe pia. Nilimjibu kwamba ndiyo, tena kwa nguvu zaidi, maana malaika walioanguka hawana toba, na mwanawe angali hai. Akaniomba nimwandikie mahali pa kusoma. Niliandika Mwanzo 1:31 nyuma ya risiti iliyokuwa mfukoni, akaikunja, akaifunga katika pindo la leso yake, akatoka kwenda kumtafuta.